Kifafa na usingizi: maswali tunayoulizwa Mombasa kuhusu usiku, uchovu na maisha yenye raha

Kliniki ya kifafa ina swali lake la kwanza: "Umeanguka mara ngapi tangu mara ya mwisho?" Hesabu inaandikwa kwenye kadi, dawa zinatolewa, anaitwa mwingine. Kisha mgonjwa akishafika mlangoni, kadi mkononi, anageuka na kusema: "Na halafu silali." Au mama yake anasema: "Huyu usiku ananitisha." Maneno hayo ya mlangoni ndiyo yaliyotufanya tuandike ukurasa huu. Kwa maoni yetu usingizi ulipaswa kuulizwa mwanzo, pamoja na hesabu ya kuanguka, kwa sababu mara nyingi ndio unaoamua kama mtu mwenye kifafa anaishi vizuri au anasukuma siku tu.

Majibu haya ni ya kukusaidia kuelewa na kujua la kumwambia daktari. Usiongeze, usipunguze wala usiache dawa kwa kusoma hapa.

Kifafa na usingizi vinahusiana vipi?

Vinaumizana kwa pande zote mbili.

Usingizi huenda kwa vipindi vya takriban dakika 90, na kila kipindi kina sehemu ya usingizi mtulivu na sehemu ya usingizi wa ndoto. Katika usingizi mtulivu seli za ubongo huingia mpigo mmoja, kama wapiga dufu waliokwisha kushikana. Kwa mwenye kifafa, mpigo huo wa pamoja ndio unaorahisisha hitilafu ndogo ya umeme wa ubongo kuenea na kuwa mshtuko kamili. Katika usingizi wa ndoto seli huachana, kila moja na lake, na misuli hulegea, ndiyo maana kushikwa wakati huo ni nadra.

Upande wa pili ni kukosa usingizi. Ubongo uliokesha hushikwa upesi zaidi, na wagonjwa wengi ukiwauliza ni nini kiliwaponza watakutajia usiku wa arusi, wa matanga au wa kusomea mtihani. Mshtuko wa usiku nao hukata usingizi na kupunguza ule wa ndoto, kwa hiyo mtu huamka hoi, hulala mchana kutwa, na usiku unaofuata macho makavu. Ukiongeza hofu ya kuanguka tena na dawa zinazolewesha, unapata mzunguko ambao hauvunjiki kwa kuongezewa vidonge peke yake.

Mimi huanguka usiku pekee. Hiki ni kifafa kweli?

Ndiyo, inawezekana kabisa. Kuna watu ambao mishtuko yao yote, au karibu yote, hutokea wakiwa wamelala. Wengine hushikwa punde baada ya kuamka: kijana anakunywa chai ya asubuhi, mkono unaruka ghafla, kikombe kinamtoka. Nyumbani wanamwita mzembe. Kama mikono inarukaruka hivyo asubuhi, hasa baada ya kukesha, mwambie daktari bila kuchelewa, maana kuna aina ya kifafa cha vijana inayoanza hivyo hivyo. Ina dawa zinazoifaa, na dawa nyingine, kabamazepini ikiwemo, zinaweza kuizidisha.

Watoto wa umri wa shule nao wana aina yao ya usiku: uso unavutwa upande mmoja, mate yanatoka, mtoto anasikia lakini hawezi kusema. Aina hiyo kwa kawaida huisha kabla mtoto hajamaliza balehe.

Anayelala peke yake ajichunguze asubuhi. Ulimi umeumwa? Kuna damu au mate mengi kwenye mto? Amekojoa kitandani wakati si kawaida yake? Misuli inauma kama aliyebeba magunia, kichwa kinagonga? Dalili hizi zikijirudia, usizinyamazie.

Hukabwa na jinamizi. Naamka, naona chumba, siwezi kusogea wala kuita. Ni kifafa?

Mara nyingi si kifafa. Katika usingizi wa ndoto mwili hulegezwa ili usiigize ndoto zako, na kuna wakati akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Kwa sekunde kadhaa, pengine dakika moja au mbili, unaona kila kitu lakini huwezi kusogeza hata kidole, na wengine huona mtu amesimama pembeni au huhisi uzito kifuani. Inatisha sana lakini haidhuru. Huzidi kwa aliyekosa usingizi na kwa anayelala chali.

Tofauti na mshtuko mkubwa wa kifafa ni kwamba hapa unakumbuka kila kitu na mwili umetulia tuli. Ukiona mwili unatikisika, au ukaamka umeumia na hujui kilichopita, hilo ni jambo jingine.

Mwanangu huamka usiku akipiga mayowe, halafu asubuhi hakumbuki chochote.

Huenda ni hofu za usiku za watoto, na huenda ni kifafa cha sehemu ya mbele ya ubongo. Hata madaktari huchanganyikiwa hapa, kwa hiyo usijilaumu ukishindwa kutofautisha.

Hofu za usiku za watoto hutokea zaidi saa chache za kwanza baada ya kulala, mara moja kwa usiku, huchukua dakika kadhaa, na kila mara sura yake ni tofauti kidogo. Mtoto huacha akikua. Kifafa cha aina ile huwa kifupi, mara nyingi chini ya dakika mbili, hurudi mara kadhaa usiku mmoja, na hufanana kila mara: miguu inapiga baiskeli, au mkono uleule unanyooka, au anakaa ghafla na uso wa hofu.

Chukua video kwa simu. Washa taa, piga picha mwili mzima, usimfunike shuka, na usiache kurekodi mara anapotulia, kwa sababu dakika zinazofuata nazo zinasema mengi. Video ya nusu dakika imewahi kumaliza ubishi ambao maneno ya mama peke yake hayakuweza kuumaliza, na hilo linatuuma, kwa sababu mama alikuwa anasema kweli tangu mwanzo.

Mbona nimeambiwa nikeshe kabla ya kipimo cha umeme wa ubongo?

Kwa sababu kipimo cha EEG hurekodi muda mfupi tu, na ubongo uliokosa usingizi, au unaosinzia pale kitandani, huonyesha alama ambazo mchana hujificha. Fuata saa ulizopewa, endelea na dawa isipokuwa umeambiwa vingine, na usije peke yako wala kuendesha chombo siku hiyo. EEG safi haimaanishi huna kifafa.

Mtoto wangu anasinzia darasani, na mwalimu anasema ni mvivu.

Kabla ya uvivu kuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni saa zenyewe. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kijana saa 8 hadi 10. Sasa hesabu siku ya mtoto wa Mombasa: anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, shule, madrasa jioni, kazi ya nyumbani, tuisheni, halafu runinga sebuleni ambako ndiko anakolala. Watoto wengi hawafikishi hata saa saba za usingizi. Mwenye kifafa hawezi kulipa deni hilo. Ongea na ustadhi na mwalimu, wengi wakielezwa hukubali apunguziwe kitu. Kumwondoa kabisa madrasa au shule si lazima na humfanya ajione ana kasoro.

La pili ni mishtuko ya usiku isiyoonekana. La tatu ni dawa. La nne, ambalo husahaulika, ni kwamba huenda hasinzii: kuna kifafa cha kuduwaa, ambapo mtoto anakata kauli katikati ya sentensi, macho yanaganda kwa sekunde chache, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo laweza kujirudia mara nyingi kwa siku, na kwa aliye mbali linaonekana kama usingizi au utoro wa mawazo.

Kumbuka pia kwamba tunachojifunza mchana hutiwa kwenye kumbukumbu usiku tukiwa tumelala. Mtoto aliyelala vibaya huonekana mzito wa akili wakati akili anayo.

Mwaka mzima sijaanguka. Lakini sina raha, nimechoka, sitaki watu. Nina shukrani haba?

Hapana. Na tunafurahi umeuliza, maana wengi hunyamaza wakidhani wameshapewa fungu lao.

Watafiti wana dodoso linaloitwa QOLIE-31, la maswali 31, linalopima hali ya maisha ya mwenye kifafa. Linauliza kuhusu hofu ya mshtuko, nguvu na uchovu, hisia, kumbukumbu na kufikiri, madhara ya dawa, kazi na kuchangamana na watu, na jinsi mtu anavyoyaona maisha yake kwa jumla. Kuanguka ni kipande kimoja tu. Tafiti za nchi mbalimbali zimerudia kuonyesha kwamba usingizi mbaya, wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, hushusha maisha ya mtu sana, wakati mwingine kuliko idadi yenyewe ya mishtuko.

Kwa hiyo mtu asiyeanguka lakini halali, hacheki, na ameacha kukaa barazani na wenzake, bado hajatibiwa akamalizika. Sonona huvunja usingizi: unaamka saa tisa usiku na mawazo yanakuzunguka hadi adhana. Usingizi uliovunjika nao huilisha sonona. Vyote viwili vina matibabu, na dawa kadhaa za sonona hutumiwa na watu wenye kifafa bila shida chini ya uangalizi wa daktari. Baadhi ya dawa za kifafa, levetirasetamu kwa mfano, zinaweza kumfanya mtu awe na hasira za karibu au huzuni. Jamaa zako wakisema "umebadilika tangu uanze dawa hii", wachukulie kwa uzito na umfikishie daktari.

Ukijikuta unawaza kujidhuru au unatamani usiamke, hilo ni la siku hiyo hiyo. Mwambie mtu wa karibu sasa na muende hospitali pamoja, msingoje tarehe ya kliniki.

Ni dawa ndizo zinazonilewesha?

Huenda. Fenobabitali, inayotumika dhidi ya kifafa tangu 1912 na bado inapatikana kwa bei nafuu, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kulewesha, na kwa kawaida hunywewa mara moja, usiku. Kabamazepini, fenitoini, valproeti na levetirasetamu nazo huweza kuleta usingizi wa mchana, hasa wiki za mwanzo au dozi ikipandishwa. Lamotrijini kwa watu wengine hufanya kinyume, hukimbiza usingizi.

Mara nyingi tiba ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: kusogeza saa ya kunywa, kuhamishia sehemu kubwa ya dozi usiku, kupandisha polepole, au kupunguza idadi ya dawa kwa anayekunywa tatu nne. Haya yote ni kazi ya daktari. Mtu akiacha fenobabitali ghafla kwa sababu imemchosha, anaweza kupata mishtuko mfululizo isiyokatika, na hiyo huua.

Silali usiku. Ninunue Piriton au kitu dukani?

Tafadhali usinunue. Piriton na dawa za mafua za aina yake huleta usingizi, ndiyo, lakini kwa mwenye kifafa zinaweza kurahisisha mshtuko. Tramadol ni mbaya zaidi kwa hilo. Vidonge vya mtaani, bugizi na wenzake, hulaza kweli, kisha siku unapovikosa ubongo hulipuka, kwa sababu kuviacha ghafla ni chanzo kinachojulikana cha mishtuko hata kwa asiye na kifafa.

Kukosa usingizi kwa muda mrefu kuna tiba isiyo ya kidonge, na ndiyo inayopendekezwa kwanza. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata kama ulilala vibaya. Usiingie kitandani hadi usingizi ukushike. Ukiona zimepita kama dakika ishirini unageukageuka, ondoka, kaa mahali penye mwanga hafifu, soma au vuta uradi, urudi ukisinzia. Usifanye kitanda kuwa ofisi, sinema na mahali pa ugomvi wa simu. Wiki ya kwanza ni ngumu, uchovu huzidi kidogo, kwa hiyo mwenye kifafa asijibane saa za kulala kupita kiasi bila mtu wa afya kumfuatilia.

Joto la Mombasa linanikesha. Joto lenyewe huleta kifafa?

Kwa watu wazima wengi joto la chumbani peke yake haliwaangushi, ila linawanyima usingizi, na hapo ndipo balaa lilipo. Kaskazi ikishapoa, Februari na Machi, nyumba ya bati au ya mawe iliyokula jua mchana kutwa huwa bado ina moto saa sita usiku, na stima ikipotea feni inasimama. Oga kabla ya kulala, lala upande wa upepo, ondoa godoro la sponji nene kama unaweza kulala kwenye mkeka na shuka, na kunywa maji ya kutosha mchana ili usiamke na kiu. Neti usiiache: malaria ikipanda homa nayo huleta mishtuko. Usiwashe mshumaa, koroboi wala dawa ya mbu ya kuchoma karibu na kitanda cha mtu anayeweza kushikwa usiku.

Ramadhani: nafunga? Na dawa, na usingizi?

Hili huulizwa kuanzia Shaabani, na lina sehemu mbili.

Sehemu ya dawa wengi wanaijua. Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hiyo funga haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ni kama saa 13 na ushei. Anayekunywa dawa mara moja au mara mbili kwa siku aweza, daktari akikubali, kuzipanga futari na daku. Anayekunywa mara tatu hawezi kuzibana hivyo tu, na daktari huenda akambadilishia kuwa ile inayotoka polepole mwilini. Nenda kliniki mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuandama mwezi.

Sehemu ya usingizi ndiyo inayosahaulika, na kwa tunavyoona ndiyo inayowaangusha wengi zaidi. Tarawehe, kisha baraza, kahawa tungu na kashata, kisha simu, na saa kumi alfajiri daku. Mtu anapata usingizi wa saa tatu tu kila usiku kwa mwezi mzima. Mwenye kifafa aliyeamua kufunga alale mara baada ya tarawehe, ale daku yake na anywe dawa, arudi kulala baada ya swala ya alfajiri kama kazi inamruhusu, na apate kailula, usingizi mfupi wa mchana, baada ya adhuhuri. Baraza litamsubiri Shawali.

Na kama mishtuko yako haijatulia, una ruhusa. Sura al-Baqara, aya ya 184 na 185, zimemtaja mgonjwa waziwazi. Sikia kwanza ushauri wa daktari kuhusu mwili wako, kisha muulize sheikh wako kuhusu kulipa au fidia. Mama mmoja alituambia alifunga akiona haya kula mbele ya wakwe zake. Tunawaomba wakwe wamtilie chakula wenyewe, wasingoje aombe.

Miraa, muguka, kahawa na pombe?

Muguka na miraa zina kathinoni, kichangamshi kinachokimbiza usingizi na njaa. Mtafunaji hukesha, husahau chakula, husahau dawa, kisha huanguka kwa uchovu. Mwezi Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka na suala likaishia mahakamani. Ubishi wa biashara tuwaachie wenyewe. Kwa mwenye kifafa jibu letu ni aache.

Kahawa hukaa mwilini saa nyingi. Kikombe cha baada ya alasiri kiwe cha mwisho. Pombe hulaza haraka, huvunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na mishtuko huja zaidi inapokuwa inatoka mwilini, asubuhi ya pili yake.

Mume wangu anakoroma, kisha anakata pumzi kabisa, kisha anashtuka. Yana uhusiano?

Sana. Hiyo ni dalili ya koo kuziba usingizini. Kila kuziba huamsha ubongo bila yeye kujua na hushusha oksijeni, na asubuhi huamka na kichwa kizito. Ni jambo la kawaida zaidi kwa wenye kifafa kuliko kwa watu wengine, na kulitibu kumewahi kupunguza mishtuko iliyokuwa haisikii dawa. Kupunguza uzito na kulala ubavu husaidia. Mashine ya kusukuma hewa ipo Mombasa kwa bei isiyo ndogo, lakini uchunguzi uanze. Kama anatumia valproeti na amenenepa tangu aianze, litajwe.

Nafanya kazi ya usiku. Niache?

Usiache kazi kabla ya kuongea. Ulinzi, hoteli za Nyali na Bamburi, bandarini, watu wengi wa mji huu hula kwa kukesha. Kinachoumiza zaidi ni zamu zinazobadilika kila wiki. Omba zamu moja ya kudumu, ikiwezekana ya mchana, na umwombe daktari barua. Kama huwezi kuepuka usiku, lala mara ufikapo nyumbani, chumba cheusi, saa zilezile, na familia ielezwe kwamba huo ndio usiku wako.

Kuendesha bodaboda au tuktuk, kupanda juu, na kuogelea peke yako ni mambo ya kusimamisha hadi daktari akuambie.

Nimejifungua. Mtoto haniachi nilale na naogopa.

Majuma ya mwanzo ni ya hatari kweli, kwa sababu mama hukatwa usingizi kila saa. Pwani tuna arubaini, na kwa hili ni rasilimali kubwa: mama anapikiwa, anakandwa, watu wamejaa nyumbani. Lakini mara nyingi watu hao hao humzuia asilale kwa wageni tangu asubuhi. Geuzeni arubaini iwe ya kumlaza. Mama, dada au wifi achukue zamu moja ya usiku, ambebe mtoto, ampe maziwa yaliyokamuliwa, ili mzazi apate angalau saa nne tano mfululizo.

Mbadilishie mtoto nepi chini kwenye mkeka, mnyonyeshe umekaa chini umezungukwa na mito, na usimwogeshe ukiwa peke yako. Dawa za kifafa nyingi haziharamishi kunyonyesha, endelea nazo. Na kabla ya mimba nyingine, muone daktari mapema, hasa kama unatumia valproeti, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Usiiache mwenyewe, ibadilishwe kwa mpango.

Nyumbani wanasema ni pepo, kwa sababu humjia usiku.

Humjia usiku kwa sababu ya ule mpigo wa ubongo tulioueleza juu. Hapa Pwani watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walioko Kilifi wamefuatilia kifafa kwa miaka mingi, na visababishi walivyovikuta ni vya mwilini: matatizo wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, malaria kali ya utotoni. Duniani watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko wakipata matibabu sahihi.

Hatumkatazi mtu dua. Msomeeni, mwombeeni. Tunachoomba ni mawili: dawa isikatwe, na asikeshwe. Kupungwa usiku kucha kwa ngoma na mafusho ni kumnyima usingizi mtu ambaye kukosa usingizi ndiko kunakomwangusha, kisha akianguka alfajiri inasemwa pepo amejitokeza. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa kulala chumba kimoja.

Ni kweli mtu anaweza kufa usingizini kwa kifafa?

Ni kweli, na una haki ya kuambiwa. Ni nadra: kwa watu wazima ni kama mmoja kati ya 1,000 kwa mwaka, na kwa watoto pia ni nadra. Wengi hukutwa wamelala kifudifudi, baada ya mshtuko mkubwa ambao hakuna aliyeuona. Hatari hupanda kwa mwenye mishtuko mikubwa ya mwili mzima, hasa ya usiku, na kwa asiyekunywa dawa ipasavyo.

Kinachopunguza hatari kinajulikana: kunywa dawa bila kuruka, kumwambia daktari kwamba mishtuko ya usiku inaendelea badala ya kuizoea, na kuwa na mtu karibu anayeweza kusikia. Kulala chumba kimoja na ndugu si utoto. Mtu mzima anayetaka faragha anaweza kuacha mlango bila komeo.

Akishikwa usiku nifanye nini?

Angalia saa. Ondoa mto na neti usoni, mgeuze ubavu, legeza nguo shingoni, sogeza vitu vigumu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kiatu wala kitunguu, usimmwagie maji. Ikipita dakika tano, au akishikwa tena kabla hajapata fahamu, au kupumua hakurudi sawa, mpeleke hospitali mara moja. Baada ya kutulia kaa naye hadi akutambue, na hakikisha hajageukia kifudifudi.

Kitanda kiwe cha chini, au godoro sakafuni, mbali na kona za meza. Juu ya dabo deka asilale.

Twende wapi, na tubebe nini?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Tudor, Port Reitz au Likoni. Wanaohitaji mtaalamu au kipimo zaidi hupewa rufaa, mara nyingi Hospitali Kuu ya Pwani.

Beba daftari. Kwa wiki mbili andika saa ya kulala, saa ya kuamka, mara ulizoamka katikati, kusinzia mchana, saa ulizokunywa dawa, na kila mshtuko na saa yake. Kalamu na kurasa za daftari la shule zinatosha. Beba pakiti za dawa zote, hata za mitishamba na habasoda. Ingia na sentensi moja uliyoiandaa, useme kabla hujaulizwa hesabu ya kuanguka: "Daktari, nina tatizo la usingizi." Na kama anayekuona usiku ni mke wako, mama yako au ndugu mnayelala naye chumba kimoja, njoo naye. Akishindwa kufika, mpigie simu ukiwa mbele ya daktari.